Anayeacha Pombe Anahitaji Watu

Hotuba kwa familia, viongozi wa mitaa na watumishi wa dini jijini Dodoma

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa, Mchungaji wetu, Sheikh wetu, wajumbe wa mashina, baba zangu na mama zangu, shikamooni. Vijana, habari za jioni. Wenyeji wa Ugogo, mbukwenyi.

Nimeombwa nizungumzie vikundi vya watu wanaoacha pombe: vinapatikana wapi, mtu anaingiaje, na akiingia anakutana na nini. Mimi ni muuguzi. Sehemu kubwa ya kazi yangu imepita wodini, kwenye huduma za afya ya akili, na siku hizi jioni zangu nyingi zinapita kwenye vyumba vyenye viti vya plastiki, ambako watu wanakaa mduara na kuzungumza kwa zamu. Habari za mtu mmoja mmoja sitazitoa hapa. Zilisemwa chumbani, zitabaki chumbani. Nitasema yale ambayo kila mwenye mgonjwa wa pombe nyumbani anapaswa kuyajua, na nikisema kwa ukali mnivumilie, kwa sababu nimeona watu wakifa kwa kukosa vitu vidogo sana.

Hapa kwetu mtu hajifunzi kunywa peke yake. Shamba la uwele likihitaji palizi, mwenye shamba anapika ujimbi, majirani wanakuja na majembe, kazi inaisha na watu wanakaa chini kunywa. Tukimaliza matanga, pombe ipo. Mahari ikipokelewa, pombe ipo. Jumamosi mnadani Msalato mbuzi anachomwa na chupa ziko mezani. Zabibu zikivunwa, na hapa tunavuna mara mbili kwa mwaka, fedha inaingia na kinywaji hakiko mbali. Kuna mtumishi aliyehamia huku serikali ilipohama; mke na watoto wamebaki Dar es Salaam, akitoka kazini Mtumba, kwenye mji wa serikali, jioni anarudi kwenye chumba chenye kitanda na jiko la gesi, basi anapitia grosari kwa sababu kule angalau kuna mtu wa kumwita kwa jina. Fundi ujenzi analipwa Jumamosi, na wenzake waliolipwa naye wanaelekea kilabuni kwa mguu, wote pamoja.

Sasa mtu huyu tunamwambia: acha pombe. Tunadhani tumemwambia aache kinywaji. Ukweli ni kwamba tumemwambia aache watu wake wote kwa siku moja. Wale waliocheka naye vizuri, waliomkopesha, waliombeba usiku, waliokwenda kumzika baba yake. Halafu tunamrudisha kwenye nyumba ambayo imemchoka. Mke hazungumzi naye, watoto wanamkimbia, kaka zake wakikutana ni kumsema. Jumatatu anavumilia. Jumatano anavumilia. Ijumaa jioni simu inalia, na sauti ya upande wa pili ndiyo sauti pekee wiki nzima iliyofurahi kumsikia. Mnategemea aseme nini?

Ninyi mnasema hana msimamo. Mimi nasema hana watu. Kwa sababu hiyo, kikundi nakiweka karibu kabisa na dawa, na kwa wengine nakiweka mbele ya dawa. Nia njema anayo. Mara ngapi tumemsikia akiapa? Kinachokosekana ni mahali pa kwenda Ijumaa saa kumi na mbili jioni, pawe na watu wanaomsubiri.

Jambo hili wenzetu waliligundua kwa shida. Mwezi Mei 1935 mfanyabiashara wa hisa kutoka New York, Bill Wilson, alikuwa Akron, mji wa viwanda katika jimbo la Ohio, Marekani. Alikuwa ameacha pombe tangu Desemba ya mwaka uliotangulia, baada ya kulazwa zaidi ya mara moja. Biashara iliyompeleka Akron ikaharibika. Akabaki peke yake hotelini, na baa ya hoteli ile ilikuwa hapo hapo, watu wanacheka. Akaenda kwenye simu akaanza kuwapigia viongozi wa makanisa ya mji ule. Hakuuliza nani atamwombea. Alikuwa anatafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Akaunganishwa na daktari wa upasuaji, Robert Smith, ambaye pombe ilikuwa inammaliza. Smith alikubali kutoa dakika 15 tu. Wakakaa mpaka usiku, zaidi ya saa sita. Madhara ya pombe Smith aliyajua yote, yeye ni daktari. Hakuwahi tu kuambiwa habari hizo na mtu aliyepita humo humo. Tarehe 10 Juni 1935 alikunywa kwa mara ya mwisho, na siku hiyo inahesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, yaani AA. Mtu wa tatu walimfuata wodini, hospitalini Akron, akiwa kitandani.

Naomba mlishike hili la watu wawili na yule wa tatu wa wodini, kwa sababu nitalirudia nitakapofika kwenye habari za Dodoma.

Kabla ya kikundi, hospitali. Hapa naomba kila mtu aweke simu chini. Mtu aliyekunywa kila siku kwa muda mrefu, yule anayeamka mikono ikitetemeka mpaka apate ya kwanza, asiache ghafla nyumbani. Ninajua familia zinafurahi anaposema leo nimeacha, zinamfungia chumbani, zinaomba. Lakini mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla unapata mshtuko. Kutetemeka, jasho na kichefuchefu huanza ndani ya siku ya kwanza. Degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne baadhi yao wanachanganyikiwa, wanaona wadudu ukutani, wanazungumza na watu wasiokuwepo, joto linapanda na moyo unakwenda mbio. Hapo ndipo utasikia amelogwa, amepandisha mashetani, na gari linakodiwa kwenda kwa mganga badala ya hospitali. Hali hiyo inaua, na inatibika. Hospitali watampa dawa ya kumtuliza kwa kipimo kinachopungua siku hadi siku, na vitamini B1, kwa sababu mnywaji mkubwa hali vizuri na upungufu wa B1 unaweza kumharibia ubongo, kumbukumbu zikapotea zisirudi. Dawa hizo za kutuliza msizinunue wenyewe mkampa mtu ambaye bado anakunywa. Vikichanganyika vinaweza kusimamisha pumzi.

Na dawa za kumtilia kwenye chai. Mama zangu, nawasihi. Kuna watu wanauza unga au vidonge, wanamwambia mke amwekee mume kwenye mchuzi bila yeye kujua, akinywa pombe atatapika na kuichukia. Ipo dawa halisi ya aina hiyo, disulfiramu, na daktari huitoa kwa mgonjwa aliyekubali na aliyeelezwa, kwa sababu akiinywa kisha akanywa pombe, presha inaweza kushuka vibaya na moyo ukaathirika. Kumpa mtu kwa siri ni kumweka kwenye hatari asiyoijua. Na hata asipodhurika, siku atakayogundua hatakula tena chakula chako, wala hatakuamini utakapomwambia twende hospitali.

Tuje kwenye kutafuta. Dodoma tuna bahati ambayo mikoa mingi haina: Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe iko hapa hapa. Najua jina hilo linavyotumika mtaani, kama tusi. Naomba tuache. Ukifika pale na kusema tatizo langu ni pombe, hutafungiwa. Mhudumu atakuuliza maswali. Mara nyingi yatafanana na yale 10 yaliyotengenezwa na Shirika la Afya Duniani, unakunywa mara ngapi, kiasi gani, umewahi kushindwa kukumbuka ya jana, kuna mtu ameumia kwa sababu ya ulevi wako. Alama zikifika 8 kati ya 40, ni ishara kwamba unywaji umeshaingia eneo la hatari. Ukitoka hapo muulize afisa ustawi wa jamii wa hospitali: kuna kikundi gani cha watu wanaoacha pombe, kinakutana siku gani, na nani anaweza kwenda nami mara ya kwanza? Uliza maswali yote matatu. Ukiuliza la kwanza tu, utaondoka na karatasi ambayo itaishia mfukoni.

Swali hilo hilo linaulizwa kwenye kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa ya mkoa, na kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa, popote ulipo. Uliza pia kwenye nyumba za upataji nafuu, hizi tunazoziita soba. Nyingi zilianza kwa ajili ya vijana wa unga, lakini ndani yake kuna watu wa pombe, na programu wanayofuata mara nyingi ni hizi hizi hatua 12 zilizotoka AA, ambazo anayeacha pombe hupitia moja baada ya nyingine. Wengine huchanganya, wanadhani dawa ya methadoni inayotolewa Itega, hapa Dodoma, inasaidia ulevi. Methadoni ni kwa waliotumia heroini na jamaa zake. Ya pombe ni njia nyingine.

Kwa anayejua Kiingereza na mwenye bando, mikutano ya AA mtandaoni ipo usiku na mchana, dunia nzima. Unaingia kwa simu, unaweza kuzima kamera, unasikiliza. Kwa mtumishi anayeogopa kuonekana, huo ni mlango mzuri wa kuanzia. Lakini asiishie hapo. Mtu wa kwenye skrini hawezi kuja kukugongea mlango ukinyamaza siku tatu.

Kuhusu fedha niseme kwa kifupi. AA haina kiingilio wala ada. Kikapu kinapita, mwenye 500 anaweka 500 ya chai na ya chumba, asiye nacho anapitisha. Mtu akikwambia kikundi cha kuacha pombe kinahitaji malipo ya usajili kwa simu kabla hujaonyeshwa mahali, achana naye.

Siku ya kwanza. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi hawaishii njiani, wanaishia mlangoni. Wanafika, wanasimama ng'ambo ya barabara, wanaangalia nani anaingia, wanageuza. Kichwani kila mmoja ana picha: atasimamishwa mbele, ataulizwa alifanya nini, atahubiriwa, na kesho mtaa mzima utajua.

Ukweli ni mdogo kuliko hofu hiyo. Utakuta watu nane, kumi, pengine wanne. Mmoja atakukaribisha na hatakuuliza unafanya kazi wapi. Jina moja linatosha, na hakuna daftari la mahudhurio. Kuna mikutano ya wazi, ambayo ndugu au rafiki anaweza kuhudhuria, na kuna ya wenyewe tu. Ulizia mapema kama unataka kwenda na mtu. Anayeongoza siku hiyo ni mlevi kama wewe, na wiki ijayo ataongoza mwingine. Mtu anasema jina lake, anasema mimi ni mlevi, wenzake wanamsalimu, anaeleza dakika chache mambo yake ya wiki. Hakatizwi. Hashauriwi. Hakuna anayesema ulipaswa kufanya hivi. Kwetu sisi tuliolelewa kwenye vikao vya ukoo, ambako kila mzee lazima aseme neno, jambo hilo ni gumu kuzoea, na kwangu mimi ndilo linalotibu. Huyu mtu amesemwa miaka yote. Hajawahi kusikilizwa dakika tano bila kukatwa.

Zamu ikifika kwako unaweza kusema: naitwa fulani, leo nasikiliza tu. Wanashukuru, wanaendelea. Sharti la kuwa mwanachama ni moja: hamu ya kuacha kunywa. Si kwamba umeshaacha. Hamu tu. Hata anayenukia pombe anaweza kuketi, ila ataombwa asikilize tu siku hiyo.

Saa moja, saa moja na nusu, mkutano umeisha. Msiondoke! Chai ya baada ya mkutano ina kazi kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Hapo ndipo unamfuata mtu mmoja, mwanaume kwa mwanaume, mwanamke kwa mwanamke, unamwomba namba ya simu. Baadaye, mkizoeana, mmoja aliyekutangulia anaweza kuwa mdhamini wako, anayekupitisha hatua kwa hatua na anayepokea simu saa mbili usiku unapokuwa umesimama nje ya grosari. Tulipopiga marufuku viroba mwezi Machi 2017 tulifanya jambo la maana, pakiti ya bei ya pipi iliondoka kwenye mkoba wa mwanafunzi. Lakini sheria haipokei simu saa mbili usiku.

Nenda angalau mara kadhaa kabla ya kuamua kama kikundi kinakufaa. Mara ya kwanza huwezi kusikia chochote, moyo unapiga kelele. Na kama kikundi kimoja hakikufai, jaribu kingine, au siku nyingine.

Wako wanaoniuliza habari za Mungu, na ni swali la haki. Hatua 12 zinamtaja Mungu, kila mtu kama anavyomwelewa. Kikundi si kanisa wala si msikiti, hakichagui dhehebu na hakitoi mafundisho ya dini. Nimeona Mwislamu na Mpentekoste wameketi kiti kwa kiti, na asiyesali popote naye yupo. Kwa ndugu zangu Waislamu najua aibu inakuwa mara mbili, kwa kuwa kunywa kwenyewe ni haramu na kukiri ni kujifichua. Sheikh, naomba utusaidie hapo. Anayekuja kwako na siri hiyo asifukuzwe na macho ya watu kabla hajaomba msaada. Na wewe Mchungaji, kwa heshima yote: usimsimamishe madhabahuni Jumapili ya pili kutoa ushuhuda kwamba amefunguliwa. Wiki mbili ni chache mno. Akianguka wiki ya tatu hatarudi kikundini, na kanisani pia hatarudi.

Kuna wanawake humu ambao nimekuwa nikiwatazama tangu nianze. Nyumba ngapi hapa Dodoma ada ya shule inatoka kwenye pipa la komoni au ujimbi? Mama anapika, anaonja, mteja anamwambia kunywa kidogo mama nione haina kitu, jioni naye amelewa. Huyu anayetaka kuacha tunamwambia nini? Aache kunywa na aache kula? Kikundi chenye akili kinazungumza naye habari za kazi pia. Nimeona wanawake waliobadilisha biashara pole pole: kwanza pombe siku tatu badala ya sita, siku zilizobaki maandazi, mboga, mkaa, kisha mchezo wa VICOBA, kisha mkopo wa halmashauri wa vikundi vya wanawake. Ilichukua muda, na wenzao wa kikundi walikuwa wateja wao wa kwanza. Halafu mwanamke anahitaji kikundi cha wanawake, au angalau wanawake wengine ndani ya chumba. Mambo yaliyompata akiwa amelewa hawezi kuyasema mbele ya wanaume kumi. Na mkutano uishe mapema, taa iwepo, asitembee gizani. Mwanaume akilewa tunasema amezidisha. Mwanamke akilewa tunasema hafai. Kwa hiyo anajificha zaidi na anafika hospitali akiwa amechelewa zaidi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini sisi ndio tunaomlazimisha afiche.

Familia, nina ombi kwenu. Mara ya kwanza mpelekeni, mumsubiri nje kama ni mkutano wa wenyewe. Akitoka msimuulize mmezungumza nini. Muulizeni kama ana njaa. Msimnuse mdomo kila akiingia ndani. Krismasi na Idi, na siku ya harusi ya mdogo wake, wekeni soda na juisi mahali pa heshima, zisiwe kwenye ndoo nyuma ya nyumba kama kinywaji cha watoto. Msimpe kazi ya kununua kreti. Na ninyi wenyewe mna maumivu yenu. Wake na waume wa walevi walianza vikundi vyao, Al-Anon, tangu 1951, vya ndugu tu, kwa sababu mtu anayeishi na mlevi naye anaugua kwa namna yake: halali, anadanganya kazini kwa niaba ya mwenzake, anahesabu chupa. Mke anaweza kwenda hata kama mume amekataa katakata. Wawili au watatu mkikutana kwa mmoja wenu alasiri, mkazungumza kwa utaratibu ule ule wa kutokatizana, mmeshaanza.

Akirudia kunywa, na wengi hurudia, kesho yake arudi kikundini. Kikundi kitamhesabia siku ya kwanza upya na kumpokea. Neno “si tulisema” lisitoke mdomoni mwa mtu yeyote nyumbani. Neno hilo limewarudisha kilabuni watu wengi kuliko kiu.

Wasomi mtaniuliza kama haya yamepimwa. Yamepimwa. Mwaka 2020 watafiti walikusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, wakalinganisha programu zinazowaingiza watu AA na tiba nyingine za ushauri. Katika kumfanya mtu akae bila pombe kabisa kwa mwaka mzima, programu za AA zilifanya vizuri zaidi: takriban 42 kwa kila 100, dhidi ya 35. Hesabu hiyo inaonyesha pia kwamba wengi hawafiki mwaka kwa mara ya kwanza, kwa njia yoyote ile. Ndiyo maana nasisitiza kurudi. Wala kikundi hakimzuii mtu kutumia dawa alizoandikiwa na daktari, za pombe, za kifafa au za sonona. Mwenzako wa kikundini akikwambia acha vidonge utakuwa safi zaidi, usimsikilize.

Sasa Dodoma. Kuna kata nyingi, na vijiji vingi zaidi, ambako jibu la ustawi wa jamii litakuwa: hapa hakuna kikundi. Hapo ndipo nawarudisha Akron. Utaratibu wa AA unasema walevi wawili au zaidi wakikutana kwa ajili ya kuacha pombe wanaweza kujiita kikundi, ilimradi kama kikundi wasijifungamanishe na taasisi nyingine. Wawili. Mmoja Nkuhungu, mmoja Chang'ombe, wakutane. Wa tatu yuko wodini leo hii, na atatoka bila kujua aende kwa nani. Wauguzi wenzangu, mtu akiruhusiwa, kabla hajachukua mfuko wake, muulizeni: ungependa kuzungumza na mtu aliyepita huku? Akikubali, muunganisheni naye akiwa bado kitandani. Baada ya geti ni kilabu.

Viongozi, kwenu ni chumba. Hatuombi bajeti. Ofisi ya mtaa baada ya saa za kazi, darasa la shule, ukumbi wa parokia, chumba cha madrasa. Kisiwe ukuta mmoja na baa. Kiwe karibu na njia ya daladala. Siku iwe ile ile kila wiki, na Ijumaa au Jumamosi jioni ni bora kuliko Jumanne, kwa sababu hatari iko huko, kwenye malipo na mnadani. Isihamishwe kwa sababu kuna kikao cha maendeleo. Mtu aliyetoka Ipagala kwa nauli ya kukopa akikuta kufuli, hatarudi wiki ijayo. Mikutano isiahirishwe wakati wa mavuno wala mwisho wa mwezi. Ndipo inapohitajika kuliko wakati wowote. Akija mmoja tu, mkutano upo.

Msituletee kamera. Msituombe orodha ya majina kwa ajili ya ripoti ya robo mwaka; tutawapa idadi. Kuna watu wataingia mle waliokuwa wakinywa gongo, wengine wakiiuza, na gongo ni kosa kisheria. Wakihisi kwamba chumba kina sikio la mgambo, hakuna atakayekanyaga. Mwenyekiti, neno lako mbele ya hadhara hii kwamba chumba hicho hakitaguswa lina uzito kuliko hotuba yangu yote.

Naomba basi uliseme leo, kabla hatujatawanyika, pamoja na jina la mtu atakayeshika ufunguo. Mimi nitakuwa kwenye chumba cha upande wa jikoni mpaka saa mbili, pamoja na wenzangu wawili, mwanaume na mwanamke, ambao wote wameacha pombe na wamekubali kuja. Unaweza kuingia kama unajiulizia mwenyewe, au unamuulizia ndugu, hatutauliza ni yupi. Kwa anayetetemeka mikono tangu asubuhi, bajaji ya kumpeleka hospitali usiku huu ipo nje, nauli imelipwa.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.